Kauboi wa Ushongo na Nusu ya Radhi

Habari niliipata Jumatatu kwa muuza samaki wangu, huku akiniparia samaki aina ya changu: "Yule kauboi wenu wa Ushongo kafariki." Nikasema inna lillahi, nikaondoka na samaki nimemwacha.

Wasomaji wa zamani mnamjua, maana ni mimi niliyewachekesha kwa habari zake. Mzee yule wa Kizungu ujanani aliigiza kwao tamthilia za kauboi za televisheni. Kazi yake ilikuwa ya jambazi: kupanda farasi, kupiga watu risasi na kuuawa mwisho wa kipindi. Alipohamia kijijini Ushongo na gari lake, akijitolea kuwapeleka wajawazito hospitali Pangani bila kutaka hata asante, niliandika hapa hapa kwenye safu hii kwamba jambazi wa televisheni haachi ujambazi, tukae macho asitupore ufuko wetu. Mlicheka sana, na mie nikajiona hodari. Mkunga mmoja wa kule hakucheka. "Mama mmoja kakataa gari lile kwa maneno yako, bwana," alinijia juu aliponifuata ofisini. "Kaenda kwa pikipiki, kajifungulia njiani. Mungu tu kamnusuru." Sikuandika neno la kujirekebisha.

Mwishoni mwa Shabani iliyopita mzee akaja ofisini kwangu mjini, mtaa wa Usagara, kakonda, kofia mkononi. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba," akasema. "Nimeambiwa watu huombana radhi kabla ya mfungo. Kama nimekukosea, nisamehe." Nyie! Mkosewa ndiye aliyefunga safari. Na jibu lake kila mtu wa pwani analijua: nimekusamehe, nawe unisamehe. Mie nikatoa nusu. "Nimekusamehe, mzee." Akangoja kidogo. Nusu ya pili niliizuia, na kilichonifanya niizuie ni kiburi tu. Nilijidanganya kwamba nitamwandikia, tena kwa ufasaha. Akavaa kofia, akaondoka.

Sisi watu wa kalamu tunamhukumu mtu kwa kazi aliyoifanya jana, na anayoifanya leo hatuendi hata kuitazama. Yeye aliacha kuigiza zamani. Aliyekuwa anaigiza ni mimi, najifanya mlinzi wa watu wa Ushongo ilhali kwao nilikuwa sijawahi kufika.

Jana ndiyo nimefika. Yule mkunga alinipeleka kaburini, nikasimama nikaimalizia nusu yangu: nawe unisamehe, mzee. Basi mkiombwa radhi, jibuni nusu zote mbili, papo hapo. Mkunga alinitazama, safari hii bila hasira.

"Siku ile alirudi kafurahi," akaniambia. "Alisema umemsamehe."