Mzazi wa Zuhura Alikuwa Getini

Leo nimemsema mzazi mbele yake mwenyewe.

Tulikuwa na siku ya wazazi, darasa la tatu. Zuhura kasoma shairi lake huku anaangalia getini. Kwao hakuja mtu.

Na baba yake nilimtumia ujumbe! Akajibu "Sawa mwalimu", kama kawaida yake.

Baadaye nikatoka getini kununua mihogo. Jua la Tabora, njaa, hasira. Nikamwambia mama muuzaji, "Wazazi wengine bwana! Zuhura wa watu kasoma shairi peke yake."

Akaacha kunyunyiza pilipili.

"Zuhura ni wangu, mwalimu."

Jamani.

"Baba yake yuko Kaliua, kwenye tumbaku. Hajaniambia kitu."

"Mtoto je?"

"Kaniambia. Lakini shughuli ya watu naingiaje sijaalikwa?"

Simu yake ilikuwa pale pale, juu ya ndoo. Sisi shuleni tuliandika namba ya baba tu, basi.

Nimechoka, wenzangu. Mihogo yake nala kila siku, na leo ndiyo nimemuuliza jina.

Walimu, kwenye simu zenu mna kina mama wangapi?