Nilimwambia Mama Mkwe ni Upungufu wa Damu Tu

Kosa ni langu. Naanza na hilo kwa sababu kwenye ukoo wa mume wangu, mpaka leo, wapo wanaosema bibi ndiye alitaka kumuua mjukuu wake. Nasikia, naendelea kupakua ugali. Jamani, nimechoka. Bora niwaambie nyie msionijua.

Tunaishi mjini, Nkuhungu. Mume wangu anachomelea mageti na madirisha, karakana yake iko Kizota. Tuna mtoto mmoja wa kike, nimwite Eda, ingawa si jina lake.

Eda alianza kuvilia damu. Ukimshika mkono kwa nguvu kidogo tu, kesho yake unakuta doa la zambarau. Miguuni akatoka vidoti vyekundu, nikadhani mbu. Mume wangu akaniuliza, "Mama Eda, nikienda kazini huwa unampiga huyu mtoto?" Weee! Tuligombana siku hiyo. Mpaka asubuhi moja akawa anapiga mswaki, fizi zikatoka damu isikome, ndipo tukamkimbiza hospitali.

Daktari alitueleza taratibu. Kinga ya mwili wa mtoto imemgeukia mwenyewe, inaziharibu chembe sahani, zile zinazoigandisha damu mtu akiumia. Si kansa, hauambukizi, hakuna aliyemroga. Watoto wengi hupona, wengine huchukua muda mrefu. "Ila asikatwe popote, asing'olewe jino, asipewe dawa za maumivu bila kutuuliza. Na kila anayekaa naye ajue."

Kila anayekaa naye. Nililisikia hilo vizuri kabisa.

Mama mkwe anaishi kijijini, mbele ya Mvumi. Kiswahili anakisikia, ila mambo yake mengi ni Kigogo, na mimi ni Mrangi, Kigogo changu kinaishia kwenye salamu ya "mbukwa". Mume wangu akampigia simu, akaweka sauti kubwa. "Mama, mtoto ana ugonjwa. Sahani za damu yake zimepungua."

Mama mkwe akacheka mpaka akapaliwa. "Sahani? Kwani hiyo damu inakula ugali?"

Na mimi ningecheka. Lakini nyuma yake nikamsikia wifi yangu: "Ugonjwa gani huo? Kwetu haupo. Atakuwa kautoa kwa mama yake."

Wifi huyo! Mimba yangu ya kwanza ilipotoka, ndiye aliyezunguka kijiji kizima akisema kaka yake kaoa mkosi. Nikamnyang'anya mume wangu simu, nikasema, "Shikamoo mama. Usiwe na wasiwasi, ni upungufu wa damu tu."

Ni upungufu wa damu tu! Mume wangu akanitazama. Nikamwambia acha, tutamweleza vizuri akija. Alikuja, akaja tena, hatukumweleza. Neno lilishakaa, na lilikuwa jepesi, wifi hakupata la kusema.

Mama mkwe wangu naye, masikini, akalibeba neno lile kwa moyo wote. Upungufu wa damu anaujua! Akawa haji mikono mitupu: maua ya rosela yaliyokaushwa, mlenda, maini yaliyofungwa kwenye mfuko. Anamkalisha Eda mapajani, anamnywesha juisi ya rosela kidogo kidogo, anamwimbia. Mimi nilikuwa namtazama tu, nafurahi jinsi anavyompenda.

Likizo ilipofika akaja kumchukua Eda akakae naye kijijini. Ninapoikumbuka siku ile natamani kujipiga makofi. Tumesimama stendi, mume wangu yuko kazini, kibegi cha mtoto mkononi mwangu, mama mkwe ananiuliza mwenyewe, "Mwanangu, kuna la kuangalia?"

Nikamtupia jicho wifi aliyekuja naye. Nikajibu, "Ale vizuri tu, mama."

Huko Eda akapata kikohozi. Bibi akamfunua mdomo, akaona kimeo kirefu kinagusa ulimi. Wenzetu wa huku mnajua. Mtoto asiyeacha kukohoa hukatwa kimeo, ndivyo walivyolelewa. Mume wangu alikatwa, na ndugu zake wote. Kwa mama mkwe hata si jambo la kuombea ruhusa. Akamwita fundi, mtoto akashikwa, kimeo kikakatwa.

Mama mkwe akanipigia simu. "Mwanangu, anatema damu. Haiachi."

Nilijua! Wao kule hawakujua kinachotokea, mimi nilijua, na nilikuwa mbali siwezi kuziba hata tone moja. Nikawa napiga kelele tu, "Mkimbizeni hospitali! Mkimbizeni!"

Tulipofika tuliwakuta tayari wodini. Khanga ya mama mkwe ilikuwa imelowa damu mpaka kiunoni. Eda alikuwa anaimeza ile damu kisha anaitapika, nyeusi. Kila akitaka kulia damu inazidi, kwa hiyo akawa ananitazama tu. Mimi mama yake, nimeshika beseni.

Muuguzi akamgeukia mama mkwe. "Nyie mabibi mtatumalizia watoto! Hujui huyu ana ugonjwa wa damu?"

"Najua," mama mkwe akasema. "Amepungukiwa damu. Nampa rosela."

Muuguzi akamfokea, ee Mungu wangu, mbele ya wodi nzima. Bibi wa watu ameinamisha kichwa kama mtoto wa shule. Na mimi nikatazama sakafu. Neno moja tu lilitosha, hata "ni mimi" ingetosha. Sikulisema. Mume wangu alikuwa nje anatafuta watu wa kutoa damu, kwa hiyo hakukuwa na wa kunitaja.

Mtoto aliongezwa damu, akapewa dawa, akapona kidonda. Ugonjwa haujaondoka. Chembe sahani zinapanda, tunashangilia, zinashuka tena, mashavu yamevimba kwa vidonge. Akikimbia nakimbia nyuma yake. Akijikwaa nafumba macho. Sina ninachoweza kufanya zaidi ya kungoja kipimo kingine.

Mama mkwe nilikuja kumwambia ukweli, nimepiga magoti jikoni kwake. Hakunitukana. Akasema, "Sahani nisingeelewa, ni kweli. Lakini mwanangu, si ungesema tu huyu mtoto hakatwi? Hilo lina ugumu gani?"

Halina. Halina ugumu wowote!

Wewe mwenye mtoto wa namna hii, usiutafutie ugonjwa wake jina jepesi ili watu wasiseme. Mwite bibi yake, mwite shangazi, mwite na huyo mwenye mdomo, uwaambie: huyu hakatwi, hang'olewi jino, akitoka damu anakimbizwa. Wakicheka wacha wacheke. Wakisema una mkosi wacha waseme, mkosi wa maneno haumwagi damu.

Mimi niliogopa mdomo wa wifi. Sasa Eda akimkimbilia bibi yake, bibi anaificha mikono yake ndani ya khanga, anaogopa kumgusa. Mtoto anaivuta ile khanga, anamuuliza, "Bibi, mbona siku hizi hunibebi?" Na bibi ananitazama mimi.