Waya wa Bwana Afya

Mwenyezi Mungu ameniruzuku umri na subira, na kwa yote mawili namshukuru. Lakini hili nitalisema lilivyokuwa: nililipiza kisasi, na nilikifurahia.

Ilikuwa Msambweni, miaka ya mwanzo ya uhuru. Nilipata baiskeli mbovu kwa mkata miwa wa Ramisi, nikafunga chuma cha mbuzi ya kukunia nazi mahali pa gurudumu la nyuma. Ukikanyaga pedali, chuma kinazunguka, na nazi za kutwa nzima zinakwisha kabla ya adhuhuri. Mke wangu alipika mafuta, yakafika hadi Diani. Hiyo ndiyo riziki yetu.

Bwana afya alikuwa jirani yangu, na msikitini tulisimama safu moja. Siku moja alikuja na fomu ya leseni.

"Nguvu ya injini?"

"Injini ni miguu yangu, bwana."

"Hapa hapana pa kuandika miguu. Na mashine isiyo na leseni haifanyi kazi."

Akaifunga pedali kwa waya na muhuri wa madini ya risasi.

Mke wangu akarudi kwenye mbuzi ya kukalia, vidole vikachanika. Nami kila alfajiri, baada ya sala, nilimpa bwana yule mkono. Watu waliniambia, "Maalim, msomee Halbadiri akome!" Kuisoma dua hiyo ya maapizo nilijua. Nilikishika kitabu mara mbili, nikakirudisha. Sikutaka augue. Nilitaka anihitaji.

Bwana afya akamwoza binti yake. Asubuhi ya karamu wanawake wakanijia na magunia ya nazi, dada yake bwana afya mbele.

"Maalim, shikamoo. Tuazime baiskeli."

"Marahaba. Ina waya wa serikali."

"Si uukate!"

"Mimi nivunje sheria ya kaka yako?"

"Basi tukune kwa mikono mpaka bibi harusi ajifungue!" Wakacheka, wakamwita bwana afya mwenyewe.

Alikuja na kanzu mpya, koleo mkononi. "Maalim, leo tuna shughuli."

"Hongera. Kwanza niandikie leseni, si ya leo tu. Na uipige muhuri."

"Muhuri uko ofisini."

"Tutakungoja."

Akaenda kwa miguu juani, akarudi ameloa jasho. Penye nguvu ya injini aliandika: miguu ya mwenyewe. Ndipo akaukata waya.

"Haya, Maalim, panda," akasema.

"Mimi nina sala yangu ya dhuha. Kiti hicho."

Akamtazama dada yake. Dada akamwekea nazi ya kwanza. Bwana afya akapandisha kanzu, akakanyaga pedali, na wanawake wakampigia vigelegele. Mke wangu alisimama mlangoni, vidole vimefungwa vitambaa, akimtazama mpaka gunia la kwanza likaisha. Pindo la kanzu lilikuwa jeusi kwa grisi ya mnyororo.

Nami nilikuwa ndani, juu ya msala. Nilirefusha sijida. Nilimwomba Mungu msamaha wa mengi siku ile. Hilo sikulitaja.