Wanaume Kumi wa Kuazima

Sikuwaiba wale wanaume, niliwaazima. Na wote niliwarudisha, hakupungua hata mmoja.

Ilikuwa Mirdif, Dubai, miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, nampikia madam mmoja wa Kiyahudi. Sir, mumewe, yuko safarini. Madam akapigiwa simu: kaka yake kafa huko kwao, na wameshamzika. Kwao kama kwetu, maiti hangojewi. Basi akachana ukosi wa blauzi yake, akafunika vioo vyote kwa mashuka niliyoyapiga pasi asubuhi ile ile, akaketi kwenye kigoda. Ndiyo matanga yao, siku saba. Mimi vile vioo kufunikwa kulinifaa, nikapumzika kuiona sura yangu.

Lakini halii, hasemi, hali. Nikamchemshia mayai. Akanijibu kwa ile sauti yake nyembamba, kama birika linaloanza kuchemka: "Chakula cha kwanza cha mfiwa hakitoki jikoni kwake. Huletwa na majirani."

Majirani gani? Dubai jirani unamjua kwa gari lake. Nikatoka na mayai yale yale mlango wa nyuma, nikazunguka, nikabonyeza kengele ya mbele. "Hodi! Jirani hapa!" Akanitazama weee. Akala moja.

Nikaona mlango umefunguka kidogo, nikamuuliza hasa kimemkaba nini. Akasema kuna sala ya kumsomea kaka yake, na haisomwi peke yako, inataka wanaume kumi. "Na mimi hapa sina hata mmoja."

Kumi tu? Mimi nimekulia kwenye khitma za Unguja, hata mpita njia huvutwa mkono aje aitikie dua. Sikuuliza kumi wa namna gani. Mjinga haulizi, hukimbia, na mimi nilikimbia na kandambili.

Nikamnasa dereva wa nyumba ya pili, Mkenya. "Mathe, sasa huko nitasema nini? Mimi ni wa kanisa!"

"Utasema amina. Hata kasuku anaweza."

Akawapigia walinzi anaokaa nao chumba kimoja Al Nahda, wakaja saba ndani ya gari moja, na sare zao. Mtunza bustani akawa wa tisa. Wa kumi nilimkamata yule Mpakistani wa kuleta maji. "Mama, yalla, yalla! Maji mingi iko garini!"

Nikawapanga sebuleni, viatu nje, kofia mikononi, nikamwita madam kama mwenye harusi. "Kumi hao!"

Madam akawatazama. "Kuna Myahudi hata mmoja hapa?"

Wakatazamana kama walioulizwa nani kavunja sahani. Dereva akakohoa. "Hapana, madam. Lakini tuko kumi, unaweza kuhesabu."

Nilitamani shuka moja la vioo linifunike na mimi.

Madam akarudi kigodani taratibu. Akasema ile sala basi, haitasomwa, lakini mtu akishafika kwenye msiba hafukuzwi. Kaeni. Wakakaa chini, na yeye akaanza kusimulia habari za kaka yake: alivyomfundisha kuogelea kwa kumsukuma mtoni, alivyoimba vibaya na kwa sauti kubwa. Hapo yakatoka machozi, ya kwanza tangu ile simu. Wanaume wakainamisha vichwa. Yule wa maji hakuelewa neno, akafuta macho kwa fulana.

Ningenyamaza tu. Lakini mimi na msiba, jamani! Nikajitupa chini, kanga kichwani, nikatoa kile kilio cha kwetu cha kusikika mtaa wa tatu: "Kaka weee! Umetuachia nani! Mwema weee, taa ya nyumba!" Mtu mwenyewe sijapata kumwona hata pichani. Nikachungulia kwenye upindo wa kanga, kama wananitazama.

Madam akafuta pua.

"Mama, khalas," akasema. "Hukumjua. Na wala hakuwa mwema hivyo."