Ua Usiopitisha Kuku

Jumatatu ile Mama alimenya ndizi, na Tata, baba yetu, alikuwa akipogoa ua. Uchaguzi ulikuwa umepita, matokeo yalikuwa yakigombaniwa redioni.

Shamba letu liko Nyamira, karibu na mpaka wa jamii jirani. Zamani lilikuwa la mzungu aliyemwajiri babu. Mzungu huyo alimfundisha kutengeneza ua kama wa kijiji chao cha wakulima kule Uingereza: unakata shina nusu, unalilaza likiwa hai, unalisuka kwenye vigingi. Babu akamfundisha Tata. Mimi, msomi wa familia, nilisafiri hadi kijiji chenyewe nikaandika tasnifu. Kule nyua zilikuwa zimeng'olewa trekta zipite. Nilirudi na digrii ya uzamivu na majivuno.

Mdogo wangu Ombati aliona moshi ng'ambo ya bonde.

"Tata, tufungue njia huku nyuma. Geti ni moja tu."

Tata akashika panga vizuri.

"Mnakata kazi ya babu kwa sababu ya uvumi?" nikasema. "Hii ni historia."

Ombati akacheka. "Daktari, historia yako ina mlango?"

Tata aliwaheshimu kupita kiasi watu waliosoma. Akaliweka panga chini.

Vijana wa ng'ambo ya bonde, wenye mapanga na mishale, walikuja kesho yake, saa nne asubuhi, kupitia getini. Jirani aliyekimbia kutuonya walimkata hapo hapo.

Paa la jikoni likashika moto.

Tulikimbilia nyuma. Ua ulitusimamisha kama ulivyosimamisha ng'ombe na kuku miaka yote.

Ombati akaanza kukata. Shina bichi halikatiki upesi, panga lilidunda. Nilivuta matawi kwa mikono, miiba ikanichana.

Tundu dogo likapatikana, Mama akapita kwa tumbo. Kemunto, mke wa Ombati, akafuata na watoto wao. Kisha Tata.

"Pita, Daktari," Ombati akasema.

"Tangulia wewe."

"Na hicho kitambi? Nani atakusukuma? Pita!"

Nikapita.

Mshale ulimpata Ombati mgongoni akipita, kichwa na mikono vikiwa upande wetu. Tulimvuta. Na wao walimvuta miguu, wakimkata.

Polisi walipofyatua risasi barabarani, wavamizi wakamwachilia. Hakuwa akipumua.

Kemunto hakuwapo nyumbani siku Ombati alipoona moshi, alikuwa sokoni. Kaburini akauliza, "Aliniambia alitaka kufungua njia. Nani alimkataza?"

"Ni mimi," Tata akajibu kabla sijafungua mdomo. "Niliupenda ua wa baba yangu."

Nikashika koleo, nikaanza kufukia.

Kemunto alihamia kwao Magwagwa na watoto. Hakumsalimia Tata tena. Kila Ijumaa Tata alipeleka maziwa ya wajukuu, akayaacha kwa jirani yake Kemunto.

Tata alifariki mwaka jana. Kemunto alikuja mazishini, akasimama mbali na jeneza. Mwishowe alinipa mkono, akaugeuza wangu kutazama makovu ya miiba.

"Shemeji," akasema, "wewe angalau ulijaribu."

Nikamwambia asante.