Mwenye Karatasi na Mzee wa Migono

Mzee Kasmiri alikuwa msuka migono ya kutegea samaki. Alikaa pembeni mwa soko la Ifakara, mgongo wake ukiegemea ukuta wa duka la Zubeiri, tangu ukuta huo haujaona chokaa. Wavuvi wa Lupiro walivuka na pantoni, wakashika mgono, wakaukagua mdomo, wakalipa, wakaenda. Hawakuwa na maneno mengi, na Kasmiri alikuwa na machache kuliko wao. Ukimwamkia aliitika marahaba, basi. Majirani walisema maneno yake yote anamwekea mkewe.

Hawakukosea sana. Mkewe, Domitila, alisomeshwa na masista mpaka darasa la nne, na hilo darasa la nne liliwatosha wote wawili. Kasmiri hakuingia darasani hata siku moja. Barua ikija, Domitila alisoma. Chupa ya dawa, Domitila. Na akitokea mtu wa barabarani na karatasi yake ya kuomba msaada, maana mjini pale hawakosekani, Domitila aliipokea, akaishika mbali na uso, akaisoma mpaka chini, akamrudishia mwenyewe. Halafu alimwambia mumewe neno moja tu: "Mpe," au "Mwache." Miaka arobaini Kasmiri alitoa na kunyima kwa neno hilo.

Mwezi wa tano, mwaka tisini na nne, Domitila alishikwa na homa. Akalazwa siku sita, ya saba akafa. Wakamzika makaburi ya nyuma ya kanisa, mwendo wa sigara moja kutoka nyumbani. Kasmiri akaacha kunyoa, kama ilivyo desturi ya wafiwa. Nywele na ndevu zikamfunika, nyeupe kama sufi. Wiki ya tatu akarudi kwenye ukuta wa Zubeiri, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na sauti yoyote ila ya kuku.

Hapo ndipo alipokuja mwenye karatasi.

Alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, viatu vimejaa vumbi. Aliamkia kwa adabu, akachutama, akatoa karatasi kwenye mfuko wa nailoni na kumkabidhi mzee kwa mikono miwili. Kasmiri akaiangalia. Ilikuwa na muhuri wa bluu, muhuri mzuri, na kwenye pembe moja doa la mafuta lenye umbo la jani. Yule mtu akangoja kidogo. Kisha akaichukua taratibu na kusema kwa huruma kwamba atamsomea mwenyewe, mzee asijisumbue.

Akasoma. Mtoto Octavian, miaka saba, wa Chita, utumbo umejisokota, yuko hospitali, anatakiwa apasuliwe kabla ya Ijumaa, na baba yake ameishiwa.

Kasmiri akangoja neno. Halikuja. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa pesa yote ya migono aliyouza asubuhi ile, akampa.

Jioni alijiona kama mtu aliyevuka mto mwenyewe bila kushikwa mkono. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kufuatilia jambo, Jumamosi alibeba ndizi mbivu na chupa ya uji, akaenda hospitali kumpa pole Octavian wa Chita. Muuguzi akafungua daftari, akapitisha kidole, akafungua na la wiki iliyotangulia. Hakuna Octavian. Hakuna mtoto wa Chita. Akamuuliza babu amemjuaje mtoto huyo. Kasmiri akaeleza habari ya karatasi. Muuguzi akafunga daftari.

"Pole, babu," akasema.

Ndizi akaziacha kwa mtoto wa watu aliyekuwa amekaa kwenye benchi, uji pia. Benchi lenyewe alilijua. Alikuwa amelikalia siku sita.

Habari haikai mfukoni. Siku ya arobaini, mke wa Zubeiri, Asmahani, ambaye alikuwa akisaidia kuchambua mchele wa wageni, alimsimulia Marsiana yote. Marsiana ndiye mtoto pekee wa Kasmiri aliyebaki. Ameolewa Kidatu, mumewe anaendesha trekta kwenye mashamba ya miwa. Alimsikiliza Asmahani mpaka mwisho, akaosha mikono, akaenda kumkalia baba yake mbele.

"Baba, mama ndiye alikuwa macho yako," akasema. "Sasa utaishije hapa?"

Akapanga yeye na kujijibu yeye. Mwisho wa mwezi atakuja kumchukua. Nyumba itapangishwa. Huko Kidatu atalala chumba kimoja na wajukuu, na hakuna mhuni atakayemgusa. Kasmiri hakujibu. Marsiana akahesabu ukimya kuwa ndiyo, kama watu wote walivyouhesabu siku zote.

Lakini haukuwa ndiyo. Kasmiri alijiona Kidatu katikati ya miwa, mahali ambapo hakuna anayetega samaki, amekaa kibarazani kama gunia lililosahauliwa, anaulizwa kama ameshiba. Na kaburi la Domitila angelifikia mara moja kwa mwaka, kwa nauli ya mkwewe, kama mgeni. Hakutaka kwenda. Ila hakuwa na cha kumjibu mwanawe. Aliibiwa kweli, mchana kweupe, akashukuriwa.

Na lilikuwepo jambo jingine lililomwasha kuliko hasira. Yule mtu alijuaje? Siku ile soko lilikuwa limejaa. Makarani walipita, walimu walipita, yeye akaja moja kwa moja kwa asiyejua hata herufi moja. Kasmiri hakuwa na alama usoni. Akamuuliza Zubeiri. Zubeiri akakumbuka: naam, mtu huyo alianzia dukani. Alimkabidhi karatasi, na kabla Zubeiri hajavaa miwani vizuri, akaipokonya, akaomba radhi kwamba amemfananisha, akatoka.

"Mimi nimefananishwa na nani, na tumbo hili?" Zubeiri akasema.

Kasmiri hakucheka. Alirudi kwenye mgono wake, akawaza. Mgono unaufahamu ukiutazama mdomo, mahali samaki anapoingia. Huyu mtu aliniingiza wapi?

Matanga yalikuwa yamekwisha, wakamnyoa. Kichwa chote, ndevu zote. Akatoka humo mtu mwingine, mdogo, masikio makubwa. Asubuhi ya kwanza Asmahani alimpita bila kumwamkia, akarudi mbio kuomba radhi.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya Marsiana, mwenye karatasi akaja tena. Shati lile lile. Akatazama kushoto na kulia, akamwona mzee kipara anayesuka, akachutama mbele yake, shikamoo baba, mikono miwili. Kasmiri akaliona lile doa la jani. Akaiangalia karatasi kama alivyoiangalia mara ya kwanza. Yule mtu akangoja kidogo, akaichukua, akasema atamsomea.

"Nisomee," Kasmiri akasema.

Safari hii hakutazama karatasi. Alimtazama msomaji. Maana kama kuna kitu Kasmiri alikijua duniani kupita migono, ni jinsi macho ya mtu anayesoma yanavyokwenda. Miaka arobaini, kila barua, alikuwa anamtazama Domitila usoni ili ajue mapema kama ni habari ya heri au ya shari. Macho yake yalitembea. Yalikwenda mpaka mwisho, yakarudi upesi, yakaenda tena, yakishuka kidogo kidogo kama mtu anayepalilia tuta kwa tuta. Pengine yalisimama mahali, yakarudi nyuma, na hapo Kasmiri alijua kuna neno gumu au kuna msiba.

Macho ya huyu hayakutembea. Yalikaa kwenye muhuri kama nzi, na mdomo ukaenda peke yake. Mtoto Theresia, miaka mitano, wa Mchombe, amevunjika paja.

"Soma tena."

Akasoma tena. Theresia alikuwa ametimiza miaka sita.

Kasmiri akavuta ukili, akakaza fundo.

"Octavian amepona?"

Yule mtu akautafuta uso wa mzee, akaupata chini ya ndevu ambazo hazikuwepo. Akaanza kuinuka.

"Kaa chini," Kasmiri akasema, bila kupandisha sauti. "Ukikimbia nitasema neno moja tu. Unajua sokoni neno hilo linafanya nini."

Alijua. Kila mtu alijua. Mawe hayako mbali na soko lolote. Akakaa, karatasi mapajani, jasho likimtoka chini ya kofia. Mtu aliyepita angedhani ni mvuvi anaagiza migono.

"Wewe hujui kusoma," Kasmiri akasema.

"Sijui, baba."

"Mimi pia ulijuaje kama sijui?"

Yule mtu alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa polisi, kwa kudaiwa pesa. Swali hilo lilimkuta bila jibu la uongo. Akamtazama mzee aone kama ni mtego. Akaona macho ya mtu anayetaka kujua tu, na polepole, kwa mara ya kwanza pengine tangu aanze kazi ile, akaieleza.

"Naitoa kichwa chini," akasema. "Hawa Bibi na Bwana juu hapa, wa nembo ya serikali, walioshika pembe za ndovu, nawaelekeza miguu juu. Anayejua kusoma, mkono wake wenyewe unaigeuza, hata hajafikiri. Akigeuza naomba radhi, naondoka. Asiyejua anaangalia muhuri."

Kasmiri akaweka mgono chini. Akaomba aonyeshwe. Akaishika karatasi, akawasimamisha Bibi na Bwana kwa miguu yao, akawapindua, akawasimamisha tena. Akatikisa kichwa. Kazi ilikuwa safi, hilo hakuweza kulikataa. Akauliza na mengine. Kwa nini mtoto, si mke, si mama mzazi? Akajibiwa kwamba mkubwa watu wanasema ni siku zake. Na kwa nini miaka mitano, sita, saba? Kwa sababu kichanga wanasema Mungu atampa mwingine, na wa miaka kumi na mbili wanauliza kwa nini hafanyi kibarua. Kasmiri akaelewa kwamba na yeye, kama angesikia kijana wa miaka kumi na mbili, angeuliza hivyo hivyo, na jambo hilo halikumpendeza.

Jina lake lilikuwa Obadia. Alikuwa mkata miwa, akapunguzwa kazini, hakutaka kurudi kwao mikono mitupu. Karatasi aliipata mwaka mmoja nyuma kwenye treni, imefungiwa karanga. Doa lile ni la karanga. Muhuri ndio uliompa wazo.

"Na yenyewe inasema nini?"

"Sijui."

"Mwaka mzima unatembea nayo, hujui?"

"Ningemuuliza nani, baba?"

Kasmiri alilifikiria hilo kwa muda mrefu. Mtu ana karatasi moja duniani, inamlisha, na hawezi kumwonyesha hata mmoja anayeweza kumwambia ni nini. Kidogo amwonee huruma, lakini akaikumbuka chupa ya uji.

Pesa hakuidai, ilikwishaliwa. Alidai karatasi. Obadia akaitazama kama mtu anayetazama jembe lake likiuzwa, kisha akaiacha juu ya mgono. Akaondoka kwa mwendo wa mtu asiye na haraka mpaka kwenye kona, na baada ya kona akatimua mbio.

Marsiana alifika kesho yake kabla ya saa sita na begi tupu la kutilia nguo za baba yake. Salamu hazijaisha, Kasmiri akamtolea ile karatasi, Bibi na Bwana wakiwa wamesimama wima.

"Nisomee."

Marsiana akasoma kimya, macho yakitembea, na baba yake akimtazama. Yakasimama mahali, yakarudi nyuma. Kisha akasoma kwa sauti. Ilikuwa hati ya mifugo. Inathibitisha kwamba mbwa aitwaye Simba, dume, rangi kahawia, sikio moja limekatika, mali ya bwana mmoja wa Mchombe, amechanjwa kichaa cha mbwa.

Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Tangu mazishi alikuwa hajacheka. Alipomaliza alijifuta macho kwa khanga, uso ukamrudia ule wa kupanga mambo, akasema basi ndiyo maana, baba, mbwa wa watu amekula pesa yako, tukusanye nguo.

Kasmiri akasema. Alisema mengi kuliko yote ambayo Marsiana aliwahi kumsikia akisema kwa siku moja. Alimweleza jinsi Domitila alivyoshika barua mbali na uso, jinsi macho yake yalivyokwenda, mahali yaliposimama siku ilipokuja barua ya kifo cha kaka yake. Kwa hayo ndiyo amemkamata yule mtu, na si kwa kingine. Na hapa ndipo mahali pake, na kule nyuma ya kanisa anapita kila jioni, na Kidatu haendi.

Marsiana akakaa kizingitini, begi magotini. Halafu akamwambia jambo ambalo mumewe alikuwa hajui. Mwaka jana, stendi ya Morogoro, mwanamke alimfuata na mtoto mgongoni, anasema mtoto anaungua homa, nauli imepotea. Hakuwa na karatasi. Alilia tu. Marsiana alimpa pesa ya sare za watoto. Baadaye, kupitia dirisha la basi, alimwona anamfungua mtoto mgongoni. Alikuwa mto wa kulalia. Nyumbani alisema amechomolewa mfukoni.

"Nimesoma mpaka la saba, baba," akasema.

"Na wewe walikupeleka ukakae kwa nani?"

Marsiana akamtazama. Aliona mdomo wa baba yake umepinda upande mmoja, utani wa zamani ambao alidhani umezikwa na mama. Akalikunja begi mara mbili, akalikalia.

"Haya, kaa," akasema. "Ila kila mwisho wa mwezi nakuja, na sitaki kubishana."

Kasmiri akaitika kwa kichwa. Wakakaa hivyo, kuku wakipita katikati yao. Baadaye Marsiana akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe: yule wa Morogoro hakuwa na karatasi, hakuwa na macho ya kutazama yakisoma. Mtu wa namna hiyo angemjuaje?

Kasmiri akafikiri sana.

"Hilo sijui," akasema. "Obadia akipita tena, nitamuuliza."