Nilisoma Kisa cha Bwana M., Nikamtukana Mke Wangu

Admini, ficha jina langu. Nina miaka sitini na sita, ni mwalimu mstaafu, ninaishi Mkuyuni. Nimesoma visa vyenu hapa. Vingi ni vya watu waliojitakia. Changu si cha kuchekwa.

Mke wangu yuko kisiwani, Nansio, kwa kaka yake tangu nilipopindua meza mbele ya wageni. Kichwa cha samaki aina ya sato, ambacho nyumbani kwangu huwekwa kwenye sahani yangu, alimpa mkwe wetu. Alitoa sharti moja: nimalize vikao vya ushauri kuhusu hasira, ndipo arudi.

Nikaenda. Tuko wanaume watano, na mshauri ni binti wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho. Wiki iliyopita alitugawia karatasi yenye kisa cha "Bwana M.", aliyemwaga chakula kwa sababu ya kichwa cha samaki, na ambaye mkewe hutorokea mlango wa jikoni kila asikiapo kikohozi cha mumewe getini. Mimi sikuwa nimemwambia mshauri habari ya samaki. Nikatoka bila kuaga, nikampigia mke wangu.

"Umenianika kwa msichana yule! Kumbe ukinisikia unakimbilia mlango wa jikoni? Kaa huko huko, mnafiki!"

Akakata simu.

Niliporudi ili niichane karatasi ile mbele ya mshauri, nilikuta wenzangu wanagombana. Fundi magari wa Kisesa alikuwa anafoka, "Huyu ni mimi! Nani kakwambia mambo ya kichwa?"

Muuza dagaa akamcheka. "Wewe nani hadi uandikwe? Huyo ni mimi, uliza mtaa mzima."

"Wazee, tulieni," mshauri akasema. "Bwana M. hayupo. Nimemuunganisha kutoka kwa watu wengi niliowahudumia kabla yenu, asitambulike yeyote."

"Na mlango wa jikoni?" nikauliza.

"Wa mtu mwingine kabisa, mzee. Mkeo sijawahi kuzungumza naye."

Jana kaka yake alinipigia. "Shemeji, dada anasema ulimuuliza kuhusu mlango wa jikoni. Jibu ni ndiyo, miaka yote. Na harudi."

Msiniandikie "pole baba". Sikuomba huruma, na vikatuni vyenu vya kucheka bakini navyo. Kwa miaka thelathini na minane sijawahi kumwomba mke wangu msamaha. Sijui hata mtu huanzaje. Wenye akili miongoni mwenu wanijibu kwa sentensi kamili: nipande meli nimfuate, au nikae hapa ili asilazimike kunikimbia tena?